Maandishi Yaliyotunzwa na Yaliyofukiwa: Jinsi Historia ya Ukristo wa Mwanzo Inavyoandikwa

Wanahistoria wanapotaja Ukristo wa mwanzo huwa wanazungumzia kipindi kinachoanzia miaka ya 30 ya karne ya kwanza, wafuasi wa Yesu wa Nazareti walipojikusanya upya Yerusalemu baada ya kusulubiwa kwake, hadi karne ya nne, Kaisari Konstantino alipoipa imani hiyo uhuru na upendeleo. Wengi huweka ukomo kwenye Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ingawa wapo wanaovuka hapo na kwenda mbele sana. Kwa vyovyote vile, ni karne tatu ambazo ushahidi wake ni haba kuliko watu wengi wanavyodhani, na uhaba huo ndio uliowalazimisha wataalamu kubuni njia zao za kazi.

Ushahidi wenyewe umetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wanakili. Kabla ya mitambo ya kuchapa, kitabu kiliishi kwa kunakiliwa kwa mkono tena na tena, na aliyenakili alichagua: alinakili kilichosomwa ibadani, kilichofundishia, au kilichomsaidia kumjibu mpinzani. Kilichokosa mnakili kilipotea. Njia ya pili ni ya bahati. Mchanga mkavu wa Misri ulihifadhi karatasi za mafunjo zilizotupwa jalalani. Vita vilifukia mji mmoja wa Siria pamoja na kanisa lake. Sarafu zilidondoka na kusahaulika ardhini. Wanakili wametuachia sauti za waliosoma na walioshinda. Ardhi imetuachia vipande ambavyo walioviandika hawakuwaza kabisa kwamba siku moja vitasomwa na watu wengine. Anayetegemea njia moja tu hupotoka, na makosa mengi makubwa ya fani hii, ya zamani na ya juzi, yametokana na hapo.

Eusebi na kivuli chake

Wa kwanza kuiandika historia ya Kanisa kwa mpangilio alikuwa Eusebi, askofu wa Kaisarea huko Palestina, aliyefariki mwaka 339 hivi. Kazi yake ya vitabu 10, kwa Kigiriki, ilipata umbo lake la mwisho muda mfupi baada ya Konstantino kumshinda mpinzani wake Lisinio mwaka 324. Eusebi alifanya kazi penye maktaba iliyotokana na vitabu vya mwanateolojia Origene na kukuzwa na msomi Pamfilo, naye alikuwa na tabia ambayo wanahistoria wengi wa zamani hawakuwa nayo: badala ya kuwatungia watu hotuba, alinukuu nyaraka kwa urefu. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Papia wa Hierapoli, Hegesipo au Dionisi wa Aleksandria tunayajua kwa sababu yeye aliwanukuu. Vitabu vyao vimepotea.

Hata hivyo Eusebi alikuwa na hoja ya kutetea. Kwake, kweli moja ilitoka kwa mitume, ikapokezanwa na maaskofu bila kukatika, na uzushi ukaja baadaye kuivamia. Kwa hiyo msomaji makini hutenganisha tabaka za maandishi yake. Anaponukuu barua, neno lake lina uzito mmoja. Anaposema kwamba watu husimulia jambo fulani, lina uzito mwingine. Chukua Misri. Habari kwamba mwinjili Marko ndiye aliyelianzisha Kanisa la Aleksandria, habari iliyo moyoni mwa Wakopti hadi leo, Eusebi anaitoa kama masimulizi, bila kutaja hati yoyote. Anaongeza kwamba Aniani alishika nafasi ya Marko katika mwaka wa nane wa Kaisari Nero, unaolingana na mwaka 62. Kisha kwa zaidi ya miaka 100, mpaka askofu Demetrio mnamo mwaka 189, anatupa majina na miaka, na karibu hakuna kingine. Kivuli chake ni kirefu: kitabu cha John Baur kuhusu miaka 2000 ya Ukristo barani Afrika, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1994 na kusomwa sana katika seminari zetu, kinaanza hesabu yake mwaka huohuo wa 62.

Ukimya wa Eusebi kuhusu Misri ulijazwa mwaka 1934 na Mjerumani Walter Bauer. Alidai kwamba katika sehemu nyingi, Misri na Edesa zikiwemo, aina ya Ukristo iliyokuja kuitwa uzushi ndiyo iliyotangulia, na kwamba imani iliyoitwa sahihi ilienezwa baadaye kwa nguvu ya Kanisa la Roma. Kitabu hicho kiliitikisa fani, hasa baada ya kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1971. Tangu hapo ni vigumu kuandika kana kwamba Ukristo ulianza ukiwa mmoja kisha ukagawanyika. Lakini kuhusu Misri yenyewe Bauer alikuwa amejenga juu ya ukimya, na mafunjo yamemjibu. Miongoni mwa vipande vilivyochimbwa kwenye majalala ya mji wa Oxyrhynchus kuna kipande cha kitabu cha Ireneo wa Lyon dhidi ya wazushi, kitabu kilichotungwa mnamo mwaka 180 katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Kwa kutazama mwandiko wake, wataalamu hukadiria kipande hicho kuwa cha mwaka 200 hivi. Yaani ndani ya miaka 20 au zaidi kidogo, kitabu kilichoandikwa ng'ambo ya bahari kilikuwa kimeshafika mikononi mwa wasomaji wa mji wa mkoani Misri. Kumbe huko nako walikuwepo watu waliohitaji hoja za kuupinga uzushi. Kipande kimoja hakiwezi kusema walikuwa wangapi, ila kinatosha kuvunja dai kwamba hawakuwepo.

Upande wa pili nao umepata mashahidi wake. Mwaka 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi katika Misri ya juu, wakulima walipata vitabu 13 vya Kikopti vyenye maandiko zaidi ya 50, mengi yakiwa ya mikondo ambayo Ireneo na wenzake waliipiga vita. Mpaka hapo mikondo hiyo ilijulikana zaidi kwa maneno ya maadui zake. Tarehe ya vitabu hivyo haikupatikana kwenye mafundisho yake bali kwenye majalada: waliovijalidi waliyakaza majalada ya ngozi kwa mafunjo chakavu, na kati ya taka hizo zimo hati zenye tarehe za katikati ya karne ya nne. Hadithi ya ugunduzi wenyewe, yenye mtungi, kisasi na damu, ilisimuliwa kwa miongo mingi madarasani. Katika miaka ya 2010 watafiti walianza kuipekua kama wanavyopekua hadithi za kale, wakaona kwamba masimulizi yake yanatofautiana mno kuaminiwa moja kwa moja. Napenda ukali huo ambao fani imeuelekeza kwake yenyewe.

Nanga ya tarehe

Nyaraka za kale zaidi za Kikristo tulizonazo ni barua za Paulo. Katika Agano Jipya ziko 13 zenye jina lake, na 7 kati yake hazina ubishi mkubwa miongoni mwa wataalamu: Warumi, Wakorintho zote mbili, Wagalatia, Wafilipi, Wathesalonike ya kwanza na Filemoni. Hakuna hata moja yenye tarehe. Zinapangwaje basi?

Matendo ya Mitume, sura ya 18, inasema Paulo alishitakiwa Korintho mbele ya Galio, liwali wa Akaya. Huko Delphi, Ugiriki, kulipatikana vipande vya jiwe lililochongwa barua ya Kaisari Klaudio, na ndani yake Galio anatajwa kwa jina na cheo. Barua hiyo inasema pia kwamba Klaudio alikuwa ameshangiliwa kuwa mshindi wa vita kwa mara ya 26. Maandishi mengine ya mawe yanawezesha kuuweka ushangiliaji huo kabla ya Agosti mwaka 52. Kwa kuwa maliwali wa Akaya kwa kawaida walihudumu mwaka mmoja, kipindi cha Galio huwekwa na wengi mwaka 51 hadi 52. Basi Paulo alikuwa Korintho wakati huo, na kutoka hapo watafiti huhesabu kwenda nyuma na kwenda mbele: barua ya kwanza kwa Wathesalonike huangukia mnamo mwaka 50 au 51, na ya kwanza kwa Wakorintho katikati ya miaka ya 50. Karibu ratiba yote ya maisha ya Paulo imefungwa kwenye jiwe hilo. Tena inashika tu iwapo Matendo yamesimulia kisa cha Galio kwa usahihi, na wanaomtilia shaka mwandishi wake hulegeza tarehe zao ipasavyo.

Tarehe hizo zina matokeo makubwa. Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, Paulo anasema anawakabidhi mafundisho ambayo naye alikabidhiwa, kuhusu kifo cha Kristo, kuzikwa, kufufuka na kuwatokea Kefa na wengine. Mwanahistoria hana kipimo cha kuthibitisha au kukanusha ufufuko. Anachoweza kusema kwa ujasiri ni kwamba katikati ya miaka ya 50 tamko hilo lilikuwa tayari ni mapokeo yenye mpangilio, yaliyoanza kabla ya barua yenyewe. Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wanaweza kukubaliana juu ya sentensi hiyo, na uwezo wa kuandika sentensi za namna hiyo ndio uadilifu wa kazi hii.

Injili ni suala la tabaka zaidi kuliko tarehe. Karibu Marko yote imo ndani ya Mathayo, na sehemu kubwa imo ndani ya Luka, mara nyingi kwa maneno yaleyale. Ndiyo maana wataalamu wengi, tangu karne ya 19, huona kwamba Marko ilitangulia, kwa makadirio ya mnamo mwaka 70, na kwamba wale wawili waliitumia. Kwa nakala zenyewe, makadirio ya tarehe kwa mwandiko peke yake yana hatari zake. Kipande kidogo cha Injili ya Yohana kilichoko Manchester, chenye urefu usiofika sentimita 9, kilitangazwa mwaka 1935 kuwa cha nusu ya kwanza ya karne ya pili, na kwa miaka 70 kilitumika kama rungu katika mijadala ya tarehe ya Injili hiyo. Mwaka 2005 Brent Nongbri alionyesha kwamba miandiko inayofanana nacho inaenea mpaka karne ya tatu.

Kovu kwenye nyusi ya Diogenes

Hakuna mahali njia mbili za ushahidi zinapokutana vizuri kuliko katika dhuluma ya Kaisari Desio ya mwaka 250. Kwa njia ya wanakili tuna Eusebi, anayeeleza kwamba Desio aliwatesa Wakristo kwa chuki yake dhidi ya Filipo aliyemtangulia madarakani. Tuna pia Sipriani, askofu wa Karthago katika Tunisia ya leo, ambaye barua zake zinalia juu ya waumini waliokimbilia kutoa sadaka kwa miungu, na wengine walionunua vyeti vya kuonyesha kwamba wametoa ilhali hawakutoa. Mtu akiwasoma hao wawili tu, atahitimisha kwamba amri ya Desio ilitungwa ili kuwasaka Wakristo.

Vyeti vyenyewe vilianza kuonekana mwaka 1893, na sasa tunavyo zaidi ya 40, vyote kutoka Misri, vingi vikiwa vya Juni na Julai mwaka 250. Cha kwanza kuchapishwa ni cha Aurelius Diogenes wa kijiji kimoja cha Fayum. Ombi linapelekwa kwa kamati ya kijiji iliyoteuliwa kusimamia sadaka. Mwombaji anajitambulisha kwa jina, baba na kijiji; ana umri wa miaka 72, na ana kovu kwenye nyusi ya kulia. Anatamka kwamba siku zote amekuwa akiitolea miungu sadaka, na kwamba sasa, mbele ya kamati, kwa mujibu wa amri, amemimina kinywaji, ametoa sadaka na kuonja nyama yake, anaomba wathibitishe. Chini kuna sahihi na tarehe. Ni lugha ya ofisini, inayojirudia cheti hadi cheti, na utambulisho kwa kovu ulifanya kazi ya picha ya kitambulisho.

Cheti kingine kinatoka mji wa Arsinoe, na mwenye nacho ni Aurelia Ammonous, kuhani wa kike wa Petesouchos, mungu mamba wa Fayum. Huyu naye alitakiwa athibitishe kwamba anaiabudu miungu! Kama amri ingewalenga Wakristo peke yao, asingekuwa na haja ya kusimama mbele ya kamati. Zaidi ya hayo, katika vyeti vyote hivyo hakuna kinachowataja Wakristo, wala kinachomtaka mtu amlaani Kristo. Kwa hiyo wanahistoria wengi leo husoma amri ya Desio kama agizo kwa wakazi wote wa dola watoe sadaka na kuandikishwa, pengine kwa nia ya kuipatia dola iliyoyumba kibali cha miungu. Wakristo ndio waliobanwa zaidi kwa sababu dhamiri yao ndiyo iliyokataa. Sipriani hakusema uongo: machozi ya Karthago yalikuwa ya kweli. Alichokosa ni kuona amri hiyo kutoka mezani mwa karani wa Fayum, na sisi tunaona kwa sababu karatasi hizo zilitupwa.

Wakati mwingine hata afisa wa dola ndiye anayetufungulia mlango wa kanisa. Plinio Mdogo, gavana wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Traiano mnamo mwaka 112 akiomba mwongozo juu ya Wakristo. Alikuwa amewatesa watumwa wawili wa kike waliokuwa wahudumu katika kundi lao ili apate ukweli. Barua hiyo imejaa dharau, na bado ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi kwamba wanawake watumwa walikuwa na nafasi ya huduma katika kanisa. Wanahistoria wanaotafuta maisha ya wanyonge huipenda mistari ya aina hii, iliyomtoka mwandishi bila yeye kukusudia.

Kuta, hesabu na bandia

Majengo ya kipindi hiki ni machache kwa sababu Wakristo walikusanyika majumbani. Ndiyo maana Dura-Europos, mji wa mpakani kando ya Frati, una thamani kubwa. Wanajeshi wa Roma waliokuwa wakijiandaa kuzingirwa na Waajemi walifukia nyumba zilizopakana na ukuta ili kuuimarisha, na mji ukaanguka mnamo mwaka 256. Wachimbaji wa miaka ya 1930 walikuta chini ya kifusi hicho nyumba iliyogeuzwa kanisa, yenye chumba cha ubatizo na michoro ya Mchungaji Mwema na Petro akiyumba juu ya maji. Sinagogi lililochorwa kwa fahari zaidi lilikuwa mtaa huohuo wa ukutani.

Kuhusu idadi ya waumini, hakuna sensa. Mwanasosholojia Rodney Stark alionyesha mwaka 1996 kwamba watu 1000 wa mwaka 40 wangefikia takriban milioni 6 mwaka 300 kama wangeongezeka kwa asilimia 40 kila baada ya miaka 10. Ni zoezi la hesabu lenye manufaa, kwa kuwa linaonyesha ukuaji huo haukuhitaji maelfu kuongoka kwa siku moja. Kulinukuu kama takwimu ni kulitumia vibaya.

Bandia nazo ni sehemu ya somo. Mwaka 2012 kulitangazwa Roma kipande cha mafunjo kilichodaiwa kumtaja mke wa Yesu. Vipimo havikuonyesha kwamba mafunjo yenyewe ni mapya, na magazeti ya dunia nzima yalishangilia. Wataalamu wa Kikopti ndio waliogundua kwamba maneno yake yaliokotwa kutoka Injili ya Tomaso, pamoja na kosa la sarufi lililokuwemo katika nakala moja ya kisasa ya mtandaoni. Mwaka 2016 mwandishi wa habari aliyefuatilia njia ambayo kipande hicho kilipitia aliumaliza ubishi, na profesa aliyekitangaza akakubali kwamba yaelekea ni bandia. Swali la kwanza juu ya mafunjo yoyote sasa ni hili: yalitoka wapi, na yalipita mikononi mwa nani?

Aksum: mashahidi watatu

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mfano bora wa kazi hii uko karibu, katika ufalme wa kale wa Aksum kwenye nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea. Rufino wa Akwileia, akiandika kwa Kilatini mnamo mwaka 402, anasimulia vijana wawili wa Tiro, Frumenti na Edesi, waliotekwa pwani baada ya wenzao kuuawa, wakapelekwa kwa mfalme, wakapanda vyeo. Baadaye Frumenti alikwenda Aleksandria, naye Atanasi, askofu wa huko, akampa uaskofu. Rufino anasema alimsikia Edesi mwenyewe. Kisa kina ladha ya hadithi, na nchi anayoiita India haieleweki vizuri ni ipi. Kwa ushahidi huo peke yake tungebaki na mashaka.

Shahidi wa pili ni barua ya Kaisari Konstansi wa Pili ya mnamo mwaka 356, aliyowaandikia watawala wa Aksum, Ezana na Sazana, akiwataka wamrudishe Frumenti Aleksandria ili imani yake ichunguzwe na askofu mpya aliyewekwa mahali pa Atanasi. Tunayo kwa sababu Atanasi aliiweka ndani ya utetezi wake. Barua hii haina haja ya kusifu uongofu wa yeyote; inagombania mamlaka, na katika kugombana inathibitisha kwamba Frumenti alikuwepo, kwamba alikuwa askofu, na kwamba nchi ni Aksum.

Shahidi wa tatu ni mfalme mwenyewe. Sarafu za mwanzo za Ezana zina duara na hilali juu ya kichwa chake. Za baadaye zina msalaba. Maandishi yake ya mawe ya awali yanamwita mwana wa mungu Mahrem, ambaye kwa Kigiriki aliandikwa Ares. Mengine, kwa lugha ya Geez, yanamshukuru Bwana wa mbinguni bila kumtaja Kristo, na moja la Kigiriki linamkiri Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wataalamu wanabishana kama tofauti hiyo ni hatua za imani ya mfalme au ni tahadhari yake kwa wasomaji tofauti: wenyeji waliosoma Geez na wageni waliosoma Kigiriki. Binafsi naona maelezo ya pili yana nguvu, kwani mfalme aliyejua kuandikia hadhira mbili alijua pia nini cha kuwaambia.

Mapokeo ya Ethiopia yanawataja wafalme ndugu Abreha na Atsbeha kuwa ndio waliopokea imani, majina ambayo hayaonekani kwenye sarafu za wakati huo. Baadhi ya watafiti huona hapo kumbukumbu ya Ezana na Sazana iliyochanganyika na ya watawala wa karne ya sita. Kuyatupa mapokeo hayo kwa sababu yanakosea majina kungekuwa hasara, maana yamehifadhi jambo ambalo Rufino hakulijua na barua ya Konstansi inalitaja: kwamba walikuwa wawili.

Yote haya ni habari za ikulu. Kuhusu watu wa kawaida, jibu limeanza kuchimbuliwa Beta Samati, mji wa kale karibu na Yeha nchini Ethiopia, ambako timu iliyoongozwa na Michael Harrower ilitangaza mwaka 2019 kwamba imepata basilika la karne ya nne. Katika eneo hilo palipatikana kidani cha jiwe chenye msalaba na maandishi ya Geez, pamoja na pete ya dhahabu yenye kichwa cha ng'ombe dume na vinyago vinavyofungamana na desturi za kale. Haijulikani bado kama vitu hivyo vilikuwa vya watu tofauti, vya vizazi tofauti, au vya familia moja iliyosali kanisani na kushika desturi za mababu kwa wakati mmoja. Rufino, Konstansi na Ezana hawana la kusema juu ya hilo, na jibu likija litatoka kwenye udongo wa vijiji.